Abiria Wote Warudi Nyuma

Fundi rangi waliyemwita Kioo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na magurudumu manne. Jina la Kioo alipewa gereji, kwa sababu gari lililopita mikononi mwake, hata kama liliingia limebonyea mbavu zote, likitoka ungeweza kusimama mbele yake ukachana nywele. Hili la kwake mwenyewe lilikuwa gari la michezo la viti viwili, limelala chini kiasi kwamba kuku akitaka kupita uvunguni ingebidi ajifikirie. Alilipata likiwa mfu, mwenyewe kalitelekeza. Akalifufua kidogo kidogo kwa miaka, na mwisho akalipaka rangi ya damu ya mzee aliyoichanganya kwa siri, wala hakumwambia mtu kaipataje. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa laini kabla hajagusa chai. Mkewe alizoea kunywa chai peke yake.

Sasa huyo mke ndiye aliyeondoka, na hakuondoka kwa ugomvi wa kurushiana sahani. Jumapili moja birika lilimponyoka, maji yanayochemka yakamwagikia mgongo wa mguu. Gari lipo uani, limeshafutwa, linang'aa. Barabara ya kwenda zahanati ilikuwa matuta na mashimo mwanzo mwisho. Kioo alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akautazama mguu wa mkewe, akaitazama barabara, kisha akampigia simu kijana wa bodaboda.

"Pikipiki ndiyo itakufikisha haraka," alimwambia. "Gari litasugua tumbo."

Mkewe alipanda pikipiki, mguu ukining'inia hewani, akaenda zahanati akafungwa bandeji. Alipotoka akamwambia kijana asimrudishe nyumbani, ampeleke kivukoni. Kwao ni ng'ambo ya pili. Tangu siku hiyo Kioo akipiga simu inapokewa, salamu inajibiwa, mguu unaendelea vizuri, haya, kwaheri. Hakuna matusi, hakuna kilio. Kioo angefurahi kama angetukanwa, maana mtu anayekutukana bado ana shughuli na wewe.

Aliishi hivyo mpaka suruali zikaanza kumvuka. Halafu akawaza kifundi, kwamba palipoharibika ndipo pa kutengenezwa. Kilicholeta balaa ni gari kukataa kumbeba mwenye mguu mbovu. Basi gari lilelile litavuka maji, litamfuata hadi mlangoni kwa wazazi wake na kumrudisha nyumbani mbele ya majirani, lisugue tumbo likipenda. Mume mwingine angevuka na neno la pole mdomoni. Huyu wetu alilifuta gari mara mbili, akajaza mafuta, akaenda kupanga foleni kivukoni, na moyoni aliona amejitoa mhanga kuliko mume yeyote aliyewahi kuoa.

Foleni ilikuwa ndefu, na maji yalikuwa yameshaanza kupwa. Upande huu haikuwa shida, gati lake ni refu na mlango wa chuma wa kivuko ulilala juu yake karibu tambarare. Kioo alipanda polepole, akisikiliza tumbo la gari kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto, na hakusikia kitu. Mabaharia wakampanga mbele kabisa. Nyuma yake likaja lori la saruji, kisha wakajazana watu wa miguu, wakiziba kila nafasi iliyobaki kati ya magari.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulijua barabarani. Ukiwa umekaa ndani ya gari la chini namna ile, na watu wamesimama kukuzunguka, huoni uso wa mtu. Unaona mikanda, mapaja, vikapu na mikono iliyobeba viatu. Mwanzoni aliona raha. Alisikia watu wakisema "tazama rangi hiyo" na "hili nalo linatembea au linatambaa," akatabasamu peke yake gizani mwa vioo vyake vyeusi. Lakini raha haikudumu, maana watu wakizoea kitu hukiegemea. Kikapu kikasugua mlango. Ndoo ikatuliwa karibu mno na taa. Kioo akashusha dirisha kidogo.

"Jamani, rangi hiyo," alisema. Ndoo ikasogezwa.

Kivuko kiliondoka. Katikati ya maji boti moja ya mwendo kasi ikawapita karibu, wimbi likaja, watu wote wakayumba. Na kiganja kikatua pwaa juu ya ukingo wa paa, usawa wa kichwa cha Kioo, kikang'ang'ania pale. Kilikuwa kiganja cha mzee, kikavu, chenye sugu kwenye kidole gumba. Juu yake Kioo aliona mkono wa shati jeupe lililopigwa pasi, basi.

"We mzee, toa mkono hapo," alisema. "Umekosa pa kuegemea? Hilo si ukuta."

"Samahani, bwana," sauti ilisema huko juu. "Magoti haya hayana adabu. Wimbi limeniyumbisha."

"Magoti yako na gari langu wapi na wapi? Toa mkono."

Mkono ukatoka. Na kama vile hilo halikutosha, Kioo alichukua kitambaa chake laini, akapenyeza mkono dirishani na kuanza kufuta mahali pale kiganja kilipokuwa, mwenye kiganja akiwa bado amesimama palepale na hana pa kwenda.

Nitasema ukweli, hata mimi ninayesimulia naona haya kukiandika kitambaa kile.

"Pole, baba," sauti ya kike ilisema. Ndiye mwenye ndoo, muuza sabuni ya maji, maana harufu ya sabuni ilikuwa imejaa pale. "Nishike mimi begani. Mimi sina rangi ya kubanduka. Umetoka wapi na magoti hayo?"

"Nilikwenda gereji moja," mzee alisema. "Kwa mkwe wangu. Sikumkuta."

Kitambaa kikasimama.

Kioo aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya kinyozi, baba mzazi wa mkewe, mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha kunyolea mpaka magoti yakaisha. Asubuhi ya harusi alimnyoa Kioo kwa mkono wake na kumwambia atulie, asije akaingia ukumbini na plasta shavuni. Kioo aliurudisha mkono ndani taratibu, kama mwizi aliyeshituliwa.

"Kakukosea nini huyo mkwe?" muuza sabuni aliuliza.

"Mimi? Hajanikosea. Binti yangu aliondoka kwake kwa hasira. Sasa naona hasira zimekwisha, ila kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Nikasema basi nianze mimi."

"Una moyo, baba. Mimi ningemwacha huko huko akajipikie."

"Kijana mzuri yule," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa wazi kabisa, haikuhitaji mtu kutega sikio. "Umewahi kuiona kazi yake? Anaweza kukaa na mlango mmoja wa gari wiki nzima, anausugua, anaupaka, anausugua tena. Mtu mwenye subira hiyo na bati hawezi kukosa subira na binadamu. Nilitaka kumwambia hilo tu. Kwamba asiogope kuja."

Hapa ndipo mtu mwingine angefungua mlango. Ni kweli watu walikuwa wamebanana, mlango usingefunguka wote, lakini dirisha lilikuwa wazi. Maneno mawili tu yalitakiwa, shikamoo baba, hata mtoto anayajua. Kioo aliyaandaa. Aliyafikisha hadi kooni. Halafu akaukumbuka ule mkono na kile kitambaa, na shikamoo ikarudi tumboni ilikotoka. Akabonyeza kitufe, kioo cheusi kikapanda hadi juu. Akashusha kofia hadi kwenye nyusi, akateleza kwenye kiti mpaka magoti yakagusa usukani. Tuseme neno lenyewe: alijificha. Mwanamume mzima, fundi mwenye vijana chini yake, alijificha kwa mzee wa magoti mabovu aliyesimama umbali wa mkono mmoja. Masikio yalimchoma. Jasho lilimtiririka mgongoni na kulowesha kiti alichokishona mwenyewe. Aliomba jambo moja tu, kwamba kivuko kifike, watu wa miguu washuke kwanza kama kawaida, mzee aende zake, na yeye aje nyuma baada ya nusu saa, afike nyumbani kwao kama mtu anayetokea mbali.

Kivuko kilifika, lakini gati la upande wa pili ni fupi na la zamani. Maji yakipwa, mlango wa chuma ukishushwa haulali, unasimama mbele ya kivuko kama ngazi. Baharia mmoja mwenye fulana iliyochanika bega alilitazama gari la mbele kabisa, akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akapiga mluzi.

"Hili halitoki," aliwaambia wenzake. "Likipanda hapa linakaa kwa tumbo. Na likikaa, hakuna anayeshuka."

Nyuma, lori la saruji likapiga honi. Baharia akaenda kuchukua kipaza sauti.

"Abiria wote," kilitangaza, "abiria wote warudi nyuma ya kivuko tafadhali. Tunataka pua inyanyuke kidogo, tumtoe mwenye gari hili dogo. Wote nyuma. Asiteremke mtu."

Watu walikuwa wameshabeba mizigo yao. Wakaitua, wakaibeba tena, wakaanza kurudi. Kioo, nyuma ya kioo cheusi, aliona mapaja na vikapu vikigeuka.

"Leo tumekuwa mawe ya mizani," mmoja alisema.

"Gari la starehe," mwingine akadakia, "linabebwa na wasio na gari."

Wakacheka, wakaenda. Na kati ya miguu yote ile Kioo aliitambua miguu miwili iliyokwenda pole kuliko mingine. Ilisimama kila baada ya hatua chache, ikaenda tena. Mzee alikuwa akivuka kivuko kizima kurudi nyuma, akishika bega la huyu na mkono wa yule, ili uzito wake mdogo usaidie kuinyanyua pua. Gari la mkwewe lisikwaruzike.

Baharia aligonga dirisha. "Bosi, toka kwanza. Njoo uone mwenyewe ninapoweka mbao, usije ukanilaumu baadaye."

"Weka tu," Kioo alisema kupitia upenyo mdogo. "Nakuamini."

"Mimi sijiamini. Toka."

Kutoka kwenye gari lile si kazi ya mtu mwenye haraka ya heshima. Unatoa mguu mmoja, unaweka kiganja sakafuni, unajisukuma, unainuka kwa vipande. Kioo alipomaliza kuinuka na kugeuka, kivuko chote kilikuwa kimejipanga nyuma kikimtazama, kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Katikati, bega kwa bega na muuza sabuni, alisimama baba mkwe wake na shati lake jeupe.

"Ndiye huyo aliyemfokea mzee wetu," muuza sabuni alisema. "Kumbe ana miguu kama sisi."

Baadhi wakacheka. Kioo alivua kofia. Mdomo wake ulifunguka wenyewe.

"Shikamoo, baba," alisema, na sauti ikavuka kivuko chote.

"Marahaba, mwanangu."

Muuza sabuni alimtazama mzee, akamtazama Kioo. "Mwanao?"

"Mkwe wangu," mzee alisema. "Ndiye niliyemfuata."

Waliokuwa wakicheka waliacha. Wengine waliinamisha macho, na hao ndio waliomuumiza zaidi, maana walikuwa wakimwonea haya yeye. Hata dereva wa lori hakupiga honi. Kioo alimwona mama mmoja akijifanya anafunga kikapu kilichokwisha kufungwa. Alitamani sakafu ile ya chuma ipasuke, na maji yalikuwa karibu kabisa, yangempokea.

Mbao zikawekwa. Akaingia, akawasha, akapanda. Katikati ya mlango tumbo likasugua kwa ukelele mrefu wa chuma kwa chuma, ule aliouogopa tangu alipolifufua gari, na akashangaa kuona haumuumi. Alikanyaga mafuta, akatoka.

Mkewe alikuwa amesimama kando ya kibanda cha tiketi, mguu mmoja ndani ya kandambili pana, bandeji imebaki nyembamba. Alikuja kumpokea baba yake amsaidie kupanda ule mlima wa kwenda nyumbani. Alipoliona gari alitabasamu kabla hajawahi kujizuia, na Kioo aliliona tabasamu hilo lote. Alishuka, akamwendea.

"Umevuka na gari," mkewe alisema.

"Nimekuja kukuchukua."

"Na tumbo lake? Nimesikia huko lilivyolia."

"Acha lilie."

Mkewe aliuma mdomo ili asicheke. "Baba alikwenda kwako leo. Nilimkataza, hakusikia. Hamkupishana?"

Kioo hajajibu, mzee mwenyewe akafika, wa mwisho kati ya watu wote, akihema.

"Hatukupishana," mzee alisema. "Tumekuja pamoja."

Mkewe aligeuka. "Pamoja? Umempakia baba?"

Ungeuona uso wake. Wiki zote zile za simu baridi zilimtoka usoni palepale. Hakungoja jibu. Alifungua mlango wa abiria, akashika paa, akakaa kwa uangalifu, akaingiza mguu mzima, kisha kwa mikono miwili akauingiza ule wenye bandeji. "Basi nipeleke nikachukue nguo zangu," alisema. "Baba, wewe utusubiri hapa, atarudi kukuchukua. Viti ni viwili."

"Nyie nendeni," mzee alisema. "Nimezoea."

Akaanza kupanda mlima. Kioo alibaki ameshika mlango, mkewe yuko ndani ya gari, yupo, amekuja, hakuna kingine alichokuwa akikitaka duniani. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kuufunga mlango. Alimtazama mzee akipiga hatua, akisimama, akipiga nyingine.

"Hatukuja pamoja," alisema.

Mkewe aliinua uso.

"Aliegemea gari, kivuko kilipoyumba. Nikamfokea atoe mkono. Sikumwona uso. Alipoutoa nikapafuta kwa kitambaa, naye amesimama hapo hapo. Halafu nikaijua sauti yake. Sikutoka. Nilipandisha kioo, nikajificha mpaka nikatolewa."

Mkewe akaushika mguu wenye bandeji kwa mikono miwili, akautoa nje, akautua chini. Akatoa na mwingine. Kioo alinyoosha mkono amsaidie kuinuka. Mkewe hakuuona, au aliuona. Aliinuka mwenyewe.

"Mimi nilidhani ni mguu wangu tu," alisema.

Mzee alikuwa amesimama. Alisubiri binti yake amfikie, wakashikana mikono, halafu akamgeukia mkwewe. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Kioo angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Nilikujua tangu ulipotaja rangi," mzee alisema. "Yule mama hakuwa na haja ya kuelezwa habari za nyumbani kwangu. Nilikuwa naongea na wewe. Nilikungoja utoke."

Kioo alitaka kusema samahani, lakini neno lenyewe lilikuwa limeshasemwa kule majini, juu ya paa la gari, na aliyelisema siye aliyepaswa. Alibaki ameikunja kofia mikononi.

"Baba amekwisha kusema lake," mkewe alisema. "Langu ni hili. Siku nyingine ukija, uje kwa miguu, kama anavyovuka yeye. Usimame na watu. Ukifika tutaongea."

"Nitakuja kesho," Kioo alisema.

Mkewe hakusema njoo wala usije. Aligeuka na baba yake, wakaanza kupanda, mmoja na mguu wake, mwingine na magoti yake, kila mmoja akimzuia mwenzake asianguke. Kioo aliwatazama. Mlango wa abiria ulikuwa bado wazi, na kiti kilikuwa bado kimebonyea mahali mkewe alipokalia. Alisimama hapo hadi lori la saruji lilipompigia honi, na honi nyingine nyuma ya lori, ndipo alipotambua kuwa amesimama katikati ya njia ya watu.